Ubao Juu ya Samawari

Mtu akiingia dukani kwangu kutafuta ubao wa kutelezea thelujini, kitu cha kwanza ninachomfanyia ni kumsukuma. Namgeuza anipe mgongo, najifanya napima urefu wake, halafu namsukuma mabegani bila kumwambia. Mguu anaoutanguliza ili asianguke ndio utakaokaa mbele ubaoni. Wengine hukasirika. Kuna bwana mmoja wa Tehran aliyeapa kwamba angenishtaki, kisha akakodi ubao, na tangu hapo anarudi kila msimu.

Nasukuma kwa sababu ukiwauliza watu, watakudanganya. Hawakusudii. Mwulize mtu anatelezaje, atakueleza anavyotamani kuteleza. Kijana ambaye bado anaanguka akiwa amesimama tu atataka ubao mgumu, ule wa kwenda kasi kwenye njia zilizoshindiliwa, ambao ukiukosea kidogo unakutupa. Mwingine hajawahi kuruka hata ngazi ya nyumba yao, lakini anataka ubao mfupi, laini, wenye ncha sawasawa mbele na nyuma, ili aruke hewani na kutua kinyumenyume. Mimi nasikiliza, naitikia, kisha naangalia magoti yake, uzito wake na viatu vyake. Kiatu kikizidi upana wa ubao, vidole vinakwaruza chini na mwenyewe anakwenda kubusu theluji. Mengine yote ni ndoto, na ndoto mimi sikodishi.

Duka nimelirithi kwa baba, aliyekuwa seremala hapa Shemshak, milimani juu ya Tehran, akiwachongea watu skii za mti, zile mbao nyembamba zinazovaliwa moja kila mguu. Ni chumba kimoja kando ya barabara: jiko la mafuta, samawari, harufu ya nta, mbao zimepangwa ukutani kwa urefu wake. Juu ya samawari, kwenye misumari miwili, ulining'inia ubao mmoja ambao haukodishwi. Ni mrefu, pua yake pana, mkia umegawanyika kama wa mbayuwayu. Ubao wa namna hiyo hufanya kazi moja tu, nayo ni kuelea juu ya theluji mpya ya kina, ile laini kama unga. Kwenye njia zilizoshindiliwa hauna maana yoyote.

Baba aliutengeneza pamoja na Kiumars, wakati mbao za kiwandani zilikuwa hazipatikani kwetu. Waliutengeneza kwa mwili wa Kiumars, mtu wa mifupa mikubwa, na vifungo vyake vya kushikia viatu vikawekwa kwa mtu anayetanguliza mguu wa kulia, kama yeye. Nilimpenda Kiumars. Nalisema wazi hapa kwa sababu wakati lilipotakiwa kusemwa sikulisema.

Aliondoka katikati ya majira ya baridi kwenda Austria, ambako alikuwa amepata kazi milimani. Gari lilikuwa linanguruma hapo nje ya mlango. Akasema, "Twende wote, Mahbanu. Tupite Tehran tufunge ndoa, baba yako ameridhia."

Nikasema, "Nitakusumbua bure."

"Hunisumbui. Twende."

"Tangulia wewe. Usijitaabishe kwa ajili yangu."

Kwetu mtu hakubali kitu mara ya kwanza, ni utovu wa adabu. Hata kikombe cha chai utakikataa, utabembelezwa, utakataa tena, na unapobembelezwa mara ya tatu ndipo unanyoosha mkono. Kiumars ni mtoto wa hapahapa, alikuwa anayajua hayo kama ninavyoyajua mimi. Lakini kabla hajafungua kinywa, baba akatoka na Msahafu na bakuli la maji. Kiumars akainama akapita chini ya Kitabu, akakibusu, akaingia garini. Baba akamwaga maji nyuma ya gari, kama tunavyowafanyia wasafiri wote ili warudi, na maji yakaganda barabarani kabla gari halijafika kwenye kona. Kiumars alishusha kioo akaniambia, "Niwekee ubao wangu." Mara ya tatu hakuniuliza.

Labda alisahau. Labda naye alikuwa akingoja nianze mimi. Sijawahi kujua, na hilo limenitafuna kuliko hata kuondoka kwenyewe.

Basi nikamwekea. Kila vuli naushusha, naupaka nta, naupiga brashi, naurudisha. Kila Nairuzi, mwaka wetu mpya, ananiletea salamu kwenye simu: "Ubao wangu haujambo?" Najibu, "Haujambo, unakusubiri." Nasikia ana mke huko na goti moja limeharibika. Hayo sijamwuliza.

Sasa msimu huu ndipo alipokuja Tandis. Aliletwa na binamu yake Shervin, mteja wangu wa Tehran, kijana mwenye moyo mzuri na mdomo mrefu. Tandis amezaliwa Uswidi. Kiajemi chake ni cha mtoto mdogo, alichojifunza kwa bibi yake kwenye simu, kitamu lakini kina mashimo.

"Bibi Mahbanu, mikono isikuume," Shervin alianza, akinishukuru mapema kabla hajafunga mlango. "Mpe binamu ubao wa kistaarabu. Na mimi safari hii nipe ule mgumu kabisa."

"Ule mgumu utakuvunja shingo, mama yako anililie mimi."

"Mwaka huu nimebadilika!"

"Umebadilisha jaketi tu."

Tandis alicheka mpaka akashika meza. Nilimgeuza, nikamsukuma. Mguu wa kulia ukatoka mbele. Moyo wangu ulishtuka kidogo, nikaukanya, maana wanaotanguliza mguu wa kulia si haba.

"Unatelezaje, mwanangu?"

"Sijui, khala," alisema, akiniita mama mdogo kwa Kiajemi. "Kwetu vilima vifupi. Ukianza umeshafika chini. Nataka ubao ambao hautanikasirikia nikikosea."

Miaka yote hiyo dukani, nilikuwa sijasikia mteja akijibu hivyo. Nilimpenda papo hapo. Nikampa ubao wa wastani, laini kiasi, wenye pua iliyoinuka kidogo, na Shervin nikampa uleule wa mwaka jana nikimwambia ni mpya. Jioni waliporudi Tandis alinieleza kwa mikono zaidi kuliko kwa maneno: njiani ubao ulikuwa mtiifu, lakini alipotoka pembeni kwenye theluji laini pua ilizama na yeye akazama nayo. "Kichwa ndani, miguu nje," alisema. "Shervin akapiga picha kwanza, ndipo akanivuta."

Usiku ule theluji ilianguka bila kupumua. Asubuhi nilisukuma mlango kwa bega. Watu wa Tehran wanaipenda theluji mpya kuliko wanavyoipenda mishahara yao, na kabla chai haijakolea walikuwa wameshazoa mbao zangu zote za pua pana. Tandis aliingia akiwa amechelewa, mashavu mekundu. Nje Shervin alikuwa amelala chini ya gari akifunga minyororo ya magurudumu, ile ya kuzuia gari lisiteleze, na kuitukana.

"Khala, leo nataka ule wa kuelea."

"Zimekwisha, roho yangu. Ngoja nikutafutie."

Hakungoja. Macho yake yalikuwa yamekwishapanda juu ya samawari. "Huo je! Mungu wangu. Sijaona ubao mzuri namna hiyo."

Na mdomo wangu, mdomo uliolelewa na mama yangu, ukasema peke yake: "Ni wako. Hauna thamani mbele yako."

"Wangu? Kweli?"

"Kweli kabisa. Niwe fidia yako, chukua."

Mtu yeyote wa kwetu angejua la kufanya. Angesema, ahsante, umependeza zaidi ukiwa kwa mwenyewe, na tungekunywa chai tukiutazama. Ukisifia zulia la mtu, atakupa zulia. Ukisifia saa yake, ataivua. Nawe unakataa, naye anaivaa tena, na nyote mmebaki watu wema. Tandis alipanda juu ya kigoda akauteremsha.

"Ahsante, khala! Nitautunza, naapa!" Akanibusu shavu hili na hili, akatoka mbio na ubao kifuani. Aliufunga juu ya gari mwenyewe. Shervin alitoka mvunguni amejaa matope ya theluji usoni, akaingia nyuma ya usukani bila kuangalia juu. Wakaondoka, nami nimesimama mlangoni nikiwapungia mkono na kutabasamu. Tabasamu lilikataa kunitoka hata baada ya gari kupotea.

Niliporudi ndani niliona misumari miwili.

Nilikaa. Kisha nikalia, tena si kilio cha heshima. Mimi ninayewacheka watu kwa kuchagua mbao zisizowafaa, nilikuwa nimempa msichana mwepesi kama jani ubao wa mtu mzito, mti wa zamani ambao ungeweza kupasuka juu ya jiwe la kwanza. Hilo lilikuwa la kwanza na lilikuwa zito. La pili lilikuwa zito zaidi: Kiumars alikuwa ameniachia kitu kimoja tu, na nilikuwa nimekitoa kwa adabu.

Wateja walikuja. Mmoja nilimfungia vifungo kinyume, mwingine nikamkaribisha chai nikampa maji ya moto matupu. Namba ya Shervin ilikuwa kwenye simu yangu. Niliishika simu nikaiweka, nikaishika tena. Ningesema nini? Kwamba zawadi yangu haikuwa zawadi? Hapa Shemshak hadithi kama hiyo ingesimuliwa mpaka kwenye matanga yangu. Nikawa nimekaa pale naomba mambo mawili yasiyokwenda pamoja, kwamba Tandis ashuke salama, na kwamba asiupende ubao ule.

Walirudi kabla ya adhuhuri. Shervin alitangulia na sanduku la vitamutamu, masikio yamewiva. Tandis alimfuata, ubao kwapani, macho makali.

"Bibi Mahbanu," Shervin alisema, "ardhi ipasuke inimeze. Nimeuona tulipofika juu, wakati wa kuufungua. Hata theluji haujaigusa. Naapa kwa roho ya babu, ningejua ningemfunga minyororo yeye badala ya magurudumu."

"Anasema nimekuibia!" Tandis alipaza sauti.

"Sijasema umeiba. Nimesema hukutakiwa kuuchukua."

"Alisema ni wangu!"

"Kila mtu anasema hivyo!"

"Sasa mtu akitaka kutoa kitu kwa kweli, anasemaje?"

Shervin alifikiri kidogo. "Anasema hivyohivyo."

"Nyinyi wagonjwa," Tandis alisema kwa Kiajemi chake cha kitoto, nami nusura nicheke, nikiwa na uchungu wote ule.

Alikuja mpaka mezani kwangu. Sauti yake ilishuka. "Khala, Shervin amenifundisha njiani. Kwamba nikuulize mara tatu. Haya. Unautaka ubao wako?"

"Hapana, mwanangu, ni halali yako."

Nilisikia maneno yakitoka nikatamani kuuma ulimi. Yeye alitikisa kichwa kama mwanafunzi anayefuata somo.

"Mara ya pili. Khala, unautaka?"

"Nimekwisha kukupa. Usiniaibishe mbele ya binamu yako."

Alivuta pumzi ili aulize tena. Hapohapo nje ikapigwa honi ndefu. Gari la kusukuma theluji lilikuwa limekuja na la Shervin limeziba njia, na dereva alikuwa amekwishaanza kumtukania Shervin marehemu baba yake. "Naam, naam, nasogeza!" Shervin alikimbia nje. "Tandis, njoo uniongoze, sioni nyuma!"

Tandis alisita, kisha akageuka. Alikwenda mlangoni, ubao bado kwapani, theluji ya nje ikimmulika. Nilikitazama kile kisogo. Ulikuwa mlango uleule, injini inanguruma vilevile, na nimekwisha kuulizwa mara mbili. Nilijua kitakachofuata. Nimeishi nacho.

"Nautaka," nilisema.

Akasimama.

"Nautaka, Tandis." Sauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Nimeutaka tangu asubuhi. Sikutaka kukupa. Nilisema tu."

"Lakini sijauliza mara ya tatu," alisema polepole.

"Najua. Nimechoka kuingoja."

Aliuweka ubao mezani kama mtu anayelaza mtoto. Hakununa. Alivuta kigoda kilekile alichopandia, akaketi, akauliza ni wa nani, nami nikamwambia. Sikuficha. Gari, Kitabu, bakuli la maji, twende wote mara mbili. Alinisikiliza huku amekunja uso, pengine kwa sababu ya Kiajemi changu cha haraka, pengine kwa sababu nyingine.

Shervin alirudi akipangusa mikono. Alipoona ubao mezani na sisi hatugombani, alipumua mpaka mabega yakashuka. Furaha ilimpanda akasahau kuuchunga mdomo wake. "Alhamdulillahi! Bibi Mahbanu, sisi tunarudi juu Darbandsar, viti vya waya vya kupandia mlima bado vinafanya kazi. Twende wote! Utatufurahisha mno!" Alisema hivyo akiwa tayari ameshika kitasa cha mlango, uso umeelekea nje, kama wasemavyo watu wote.

"Haya," nilisema. "Nakuja."

Kitasa kilimponyoka. "Unakuja... mashallah. Hongera. Yaani karibu sana. Ila kiti cha nyuma kina mabegi na..."

"Nitayapakata."

Tandis aliinamia meza akicheka mpaka machozi.

Nyuma ya pazia nina ubao wangu mwenyewe, wa pua pana, mfupi, niliouchagua nilipokuwa na kiuno. Nikauleta nikamshika Tandis mkono nikamweka juu yake. Uzito wake, urefu wake, kiatu chake, vyote vilikubali. "Huu nakuazima," nilimwambia. "Nakuazima kwa kweli. Jioni nautaka."

"Na wewe je?"

Mimi nilikuwa nimekwisha kutoa bisibisi. Ubao wa Kiumars ulikuwa umenizidi sana enzi zile, lakini mwili wangu umeongezeka tangu alipoondoka, na kwa kilo nilizonazo leo unanitosha bila hata kuulizana. Lililobaki ni vifungo. Mimi natanguliza mguu wa kushoto. Skrubu zilikuwa zimeganda kwa kutu, maana nilikuwa napaka nta mbao na kupangusa vyuma, ila hizo sikuwahi kuzigusa, niliziacha alivyoziacha yeye. Ya kwanza ilipiga kelele ilipolegea. Shervin alitaka kunisaidia, nikamwambia asinikaribie. Niligeuza kifungo cha mbele, nikageuza cha nyuma, nikakaza mpaka kiganja kikauma. Chini yake mti ulikuwa na rangi changa, alama mbili za mahali vilipokuwa. Nilizipapasa, nikavaa koti, nikazima jiko, nikafunga duka mchana kweupe siku ya theluji mpya, jambo ambalo baba angeliita wazimu.

Barabara ya kwenda Darbandsar inapanda. Kiumars alikwenda upande mwingine, chini, kuelekea Tehran, kwa hiyo ile kona hatukuipita. Nilikaa nyuma, mabegi magotini, ubao umelazwa juu yangu mpaka dirishani. Nilikuwa namtamani siku ile kuliko siku zote, nami sikuona aibu. Mbele yetu lile gari la kusukuma theluji lilikuwa likipanda polepole, na Shervin akalifuata akiimba na redio.

Tandis aligeuka kwenye kiti cha mbele. "Khala. Na kama angekuuliza mara ya tatu?"

Shervin aliacha kuimba.

"Begi langu lilikuwa nyuma ya mlango," nilisema. "Na viatu nilikuwa nimeshavaa."